Umeongeza RAM na Sasa Laptopu Inajizima Ovyo? Cheki Haya Kabla Fundi Akuformatie Kila Kitu

Iko hivi. Laptopu yako ya ex-UK ilikuwa na RAM ya 4GB, na ukifungua Chrome na kurasa sita inaanza kuvuta miguu kama mat iko kwa jam ya Thika Road. Ukajipanga, ukatafuta doh, ukashuka Luthuli. Msee akafungua mashini kwa chini, akachomeka RAM nyingine, ukaona 8GB kwa skrini, ukarudi keja ukiwa fiti. Siku mbili baadaye mambo yanageuka. Mashini inaganda katikati ya kazi, skrini inakuwa buluu na kauso ka huzuni, inajiristati yenyewe. Ukirudi ndani, kile ulikuwa unaandika hakiko.

Wengi hapa hufanya kitu kimoja tu: wanarudisha mashini kwa fundi wa mtaa, na fundi anasema Windows imeharibika, lete tupige format. Hapo ndio ngori inaanza. Ukiformati mashini ikiwa na RAM mbovu, Windows mpya inasomwa kutoka kwa flashi, inapitia hiyo hiyo RAM mbovu, ndio iandikwe kwa diski. Inaweza kufika huko ikiwa tayari imeharibika. Yaani umepoteza picha, kazi ya shule na midundo yote uliyotengeneza FL Studio, umelipa fundi, na wiki ijayo skrini ya buluu inakupigia hodi tena.

Kama mashini ilikuwa inachapa kazi poa, ukaongeza RAM, na ikaanza kuzima hiyo hiyo wiki, mshukiwa wa kwanza ni kile kitu umebadilisha. Si virusi. Si Windows. Anza na RAM, na ikiwezekana anza leo, ju waranti za downtown huwa fupi.

Kwanza wacha kusevu vitu vya maana

RAM ni kama meza ya kazi na diski ni kabati. Kila kitu unachofungua lazima kitolewe kabatini kiwekwe mezani, na ukisevu kinatoka mezani kinarudi kabatini. Kwa hiyo meza ikiwa na shimo, kila karatasi inayopita hapo iko kwa hatari.

Ndani ya RAM kila kitu ni 0 na 1, mabilioni yake. Sehemu moja ikiwa mbovu, 0 inaweza kusomwa kama 1. Hiyo ikitokea ndani ya picha, labda utaona kadoti ka rangi ya ajabu na hautajali. Ikitokea ndani ya kitu Windows inategemea, Windows inashtuka na kujizima. Watu huchukia skrini ya buluu, lakini kusema ukweli hapo inakusaidia: imeona mambo si sawa ikaamua kusimama badala ya kuendelea kuandika upuzi kwa diski yako.

Noma zaidi ni ile siku haijizimi. Faili ya riporti ya mradi wa mwisho wa chuo inapita kwa ile sehemu mbovu, inasevika bila kulalamika, halafu wiki mbili baadaye ukiifungua unaambiwa imeharibika. Hata ukikimbia kufanya nakala kwa flashi ama diski ya nje, hizo nakala nazo zinapitia meza hiyo hiyo yenye shimo. Ndiyo maana mpangilio ni huu: toa RAM mpya kwanza, halafu ndio ufanye nakala ya vitu vyako. Usigeuze.

Mashini inazima aje? Hiyo ndiyo dalili

Kabla ya kushika skrudraiva, cheki tabia yake vizuri, ju kuzima si kwa aina moja.

Ikiwa haiwaki kabisa baada ya kuongeza RAM, yaani feni inazunguka kidogo, skrini inabaki nyeusi, taa ya Caps Lock inapepesa au inapiga mlio wa bip kwa mpangilio fulani, mashini inajaribu kukuongelesha. Hesabu milio au mipepeso, kisha tafuta maana yake kwa kitabu cha hiyo modeli kwa tovuti ya kampuni, ju kila kampuni iko na hesabu yake. Mara nyingi ni RAM haijakaa vizuri kwa sloti, ama ni aina ambayo hiyo mashini haiitambui.

Ikiwa inawaka halafu inakurushia skrini ya buluu, piga picha ya maandishi yaliyo chini. Majina yanayotokea sana RAM ikiwa na shida ni MEMORY_MANAGEMENT, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA na IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Jina moja peke yake halithibitishi kitu, ju draiva mbovu pia inaweza kuleta hayo. Angalia kama majina yanabadilika. Leo hili, kesho lile, kesho kutwa lingine kabisa, hiyo inanuka RAM. Lakini ikiwa ni jina lile lile kila siku, na linataja faili ile ile inayoishia na .sys, anza kushuku draiva.

Kuna ile ya kimyakimya. Kurasa za Chrome zinakufa ovyo, gemu inakurudisha kwa desktop bila kusema lolote, faili ya zip umedownload inadai imeharibika na ukiidownload tena inafunguka sawa, programu inakataa kuinstall ikisema faili zake si kamili. Watu huishi na hii miezi wakidhani ni intaneti ya mtaa.

Halafu kuna kuzima pu! kama stima imepotea, bila buluu, bila onyo. Hiyo usikimbilie kulaumu RAM. Mara nyingi ni joto au umeme. Laptopu ilifunguliwa, si ndiyo? Pengine waya wa feni uliachwa nje, ama betri haikurudishwa vizuri. Weka mkono pale feni inatolea hewa. Kama hakuna upepo na chini kumechomeka kama pasi, umepata jibu. Na ukienda kwa Event Viewer ukaona Kernel-Power 41, usitishike. Hiyo inasema tu kwamba mashini ilizimika bila kufuata njia ya kawaida, haisemi nani aliizima.

Rudisha mashini vile ilikuwa

Hii hatua ni ya bure na ndiyo watu huruka. Toa RAM mpya, acha ile ya zamani peke yake, halafu tumia mashini siku moja au mbili ukifanya zile kazi zilizokuwa zinaiangusha.

Lakini zima vizuri kwanza. Windows 10 na 11 zina kitu kinaitwa Fast Startup: ukibonyeza Shut down, mashini haizimi kabisa, inaweka sehemu ya Windows kwa diski ndio kesho iwake haraka. Ukibadilisha RAM ikiwa hivyo, kuwaka kwake kunaweza kuleta vituko. Shikilia Shift huku unabonyeza Shut down, hapo inazima mzima. Usifungue mashini ikiwa imelala tu ama iko kwa hibernate.

Chomoa chaja. Kama betri inatoka kwa nje, itoe. Laptopu nyingi za sasa betri iko ndani: kwa ThinkPad nyingi kuna mahali kwa BIOS pameandikwa Disable Built-in Battery, ukibonyeza inazima na betri inakata umeme hadi uchomeke chaja tena. Kwa zingine, ukishafungua kifuniko cha chini, chomoa ile plagi ndogo ya betri kabla hujagusa kitu kingine. Kuchomoa RAM umeme ukiwa ndani ni njia ya haraka ya kuua RAM ama bodi yenyewe, na bodi ndiyo mashini.

Gusa chuma ambacho hakijapakwa rangi ndio utoe umeme ulio mwilini mwako. Hiyo sweta ya wuli unavaa Julai pia iweke kando kwanza.

Mashini ikitulia na RAM ya zamani, poa, sasa unajua shida iko kati ya vitu vitatu: RAM mpya, sloti yake, ama vile hizo RAM mbili zinaishi pamoja. Huu ndio wakati wa kufanya nakala ya vitu vyako. Ikiendelea kuzima hata baada ya kurudi ilivyokuwa, basi aidha kuna kitu kiliguswa wakati wa kufungua, ama hii shida ilikuwa inakuja tu na RAM imebeba lawama ya bure.

Mara nyingi ni kukaa vibaya tu

RAM ya laptopu inaingia ikiwa imeinama, kama nyuzi thelathini hivi, sio kwa kulala. Isukume ndani ya sloti hadi zile pini za dhahabu ziwe karibu zote zimezama, halafu ndio uilaze chini hadi vishikio viwili vya pembeni vilie kla. Fundi mwenye haraka huilaza kabla haijaingia vizuri. Inashika, mashini inawaka, unalipa unaenda. Halafu ukiibeba kwa begi kwenye nduthi hadi Rongai, mtikiso unaisogeza kidogo na vituko vinaanza.

Kwa desktop ni kusukuma moja kwa moja chini, na kwa nguvu kuliko vile utadhani ni salama, hadi vishikio vifunge. Bodi zingine zina kishikio upande mmoja tu, usitafute cha pili.

Kama pini zimefifia ama zina alama za vidole, mafundi hutumia raba ya penseli. Inafanya kazi, sugua polepole upande wote mbili, ila hakikisha vumbi la raba haliingii kwa sloti. Safi zaidi ni pombe ya kusafishia vifaa, isopropili, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na ungoje ikauke. Usipulize sloti na mdomo. Mate ni maji, bana.

Soma stika, usisome bei tu

Hapa ndio wasee wengi wanapigwa. RAM haziingiliani tu ju zote zimeandikwa 8GB. DDR3, DDR4 na DDR5 haziwezi kubadilishana, na pengo lililo katikati ya pini limewekwa mahali tofauti ndio usikosee. Ukihisi inakataa kuingia, usilazimishe.

Shida ni pale ambapo pengo halikulindi. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5. Iko ndugu yake DDR3L, hiyo L ni ya umeme mdogo, volti 1.35. Kwa macho zinafanana, pini zote mbili 204, pengo mahali pamoja, zinaingia sloti moja bila neno. Lakini laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 4 zinataka DDR3L. Ukiwekewa DDR3 ya volti 1.5, nyingine zitadinda kuwaka, nyingine zitawaka na kuanza kuzubaa. Kwa stika, tofauti ni herufi moja tu: PC3-12800S ni ile ya kawaida, PC3L-12800S ndiyo DDR3L. Hiyo L cheki kabla hujatoa doh.

Mifano ya mashini ziko mob mtaani: EliteBook 840 G1 na G2 na ThinkPad T450 hutumia DDR3L ya 1600. EliteBook 840 G3 ilihamia DDR4 ya 2133, na ThinkPad T480 ni DDR4 ya 2400. Usidhani ju majina yamefuatana basi RAM ya G2 itaingia G3. Haiingii. Na kabla hata ya kuenda dukani, jua kama mashini yako ina sloti mbili, moja, ama RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwa bodi. Fungua Task Manager, enda Performance, halafu Memory. Pale chini inaonyesha kasi na sloti ngapi zimetumika.

Ukiwa hapo kwa stika, angalia herufi ya mwisho pia. S ni ya laptopu. U ni ya desktop ya kawaida. R ni ya seva. Hizo za R huwa bei ya kutupwa ju makampuni ya ng'ambo yanatupa seva zao za zamani, na kuna wauzaji watakuambia itashika desktop yako. Desktop ya kawaida haitawaka nayo.

Kasi tofauti si mwisho wa dunia. Ukiweka ya 2133 na ya 2400 pamoja, kwa kawaida zote zitakimbia na ile ya polepole. Lakini kuna ndoa za RAM ambazo hazikubali tu: kila moja peke yake iko sawa, zikiwa pamoja mashini inaanguka. Hapo hakuna RAM mbovu wa kulaumiwa. Badilisha moja, ama nunua mbili zinazofanana kabisa.

Na stika inaweza kudanganya, ju ni karatasi. Pakua CPU-Z, ni ya bure, enda mahali pameandikwa SPD, uchague sloti. Inasoma maelezo yaliyoandikwa ndani ya RAM yenyewe: aliyeitengeneza, nambari yake, ukubwa, kasi. Ikiwa stika inasema kampuni moja na CPU-Z inasema nyingine, umeuziwa hadithi.

Kuhusu ile kitu watu huuliza kila siku, "mbona nimeweka 8GB na inaonyesha 7.8 usable?" Hiyo ni sawa. Laptopu ambayo haina kadi yake ya grafiki hukopa RAM kidogo kwa ajili ya picha. Lakini ikionyesha kama 3 na kitu wakati umeweka 8, cheki kama Windows yako ni ya biti 32. Hiyo haiwezi kutumia zaidi ya 4GB hata uongeze aje.

Wacha kubahatisha, ipe mtihani

Windows iko na mtihani wake. Bonyeza kitufe cha Windows na R pamoja, andika mdsched, kubali kuristati. Ikianza kazi bonyeza F1 uchague Extended, ju ule wa kawaida ni mwepesi na huachilia wahalifu. Ikimaliza inarudi ndani yenyewe. Ukikosa ujumbe, tafuta MemoryDiagnostics-Results ndani ya Event Viewer, kwa System.

Ikisema kuna shida, amini. Ikisema hakuna shida, usiamini sana. Mtihani wenye meno ni MemTest86. Unaiweka kwa flashi, unawasha mashini kutoka kwa hiyo flashi, inakimbia bila Windows kabisa. Toleo la bure linapita RAM yote mara nne. Kwa 8GB, na zaidi kwa 16GB, hiyo ni kazi ya masaa, kwa hivyo ianze ukienda kulala, chaja ikiwa imechomekwa na betri imejaa ju stima za mtaa tunazijua.

Asubuhi ukiona hata kosa moja, limekuwa jekundu, imeisha. Hakuna kosa dogo hapa. RAM nzima inafaa kutoa sifuri.

Sasa, usijaribu zote mbili pamoja halafu ushindwe kujua nani ni nani. Weka RAM mpya peke yake kwa sloti ya kwanza, jaribu. Ihamishe sloti ya pili, jaribu. Halafu ile ya zamani, hivyo hivyo. Ni usiku kadhaa, najua, na inachosha. Lakini jibu linakuja likiwa safi. Makosa yakiifuata RAM mpya kila sloti unapoiweka, hiyo RAM ni mbovu. Makosa yakibaki kwa sloti moja, RAM yoyote ikiingia hapo inafeli, basi sloti ama bodi ndiyo ina shida, na kununua RAM nyingine ni kutupa pesa. Zote zikipita peke yake na kufeli pamoja, ni ile ndoa. Kama huna usiku wa kutosha, fanya ile ya kwanza na ya pili. Hizo ndizo zina maana sana.

Wasee wa kujijengea PC za gemu

Kwenu mambo ni tofauti kidogo. RAM ikiandikwa 3200 ama 6000 kwa boksi, hiyo mara nyingi ni kasi ya XMP ama EXPO, yaani imesukumwa juu ya kiwango cha kawaida. Ukiwa umeiwasha kwa BIOS na mashini inaanguka, izime kwanza. Ikitulia, RAM si lazima iwe mbovu, ila huo mwendo haukubaliki kwa prosesa au bodi yako. Shuka hatua moja.

RAM mbili kwa bodi yenye sloti nne kwa kawaida huingia ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa. Ukijaza zote nne, usitegemee kasi ile ile ya mbili, hasa kwa DDR5. Na kama una Ryzen ya soketi ya AM5, baada ya kubadilisha RAM skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa mara ya kwanza wakati mashini inapima RAM mpya. Watu huona giza, wanashtuka, wanakata stima, wanaanza upya. Keti chini, kunywa chai.

BIOS: inasaidia, lakini si sasa

Utaambiwa apdeti BIOS. Ni kweli, apdeti zingine hufanya bodi ikubali RAM ambazo ilikuwa inakataa. Lakini usiwahi kuapdeti BIOS mashini ikiwa inaangukaanguka. Ikijizima katikati, unaweza kubaki na laptopu isiyowaka tena, na hapo fundi atakuitisha pesa ya maana. Rudisha RAM ya zamani, hakikisha imetulia, betri imejaa na chaja iko ndani, ndio uapdeti. Halafu ujaribu RAM mpya tena.

Ukishajua mbaya ni nani

Sasa ndio wakati wa kuangalia Windows. Ukiwa na RAM safi peke yake, fungua Command Prompt kama administrator na uandike sfc /scannow. Inakagua faili za Windows na kurekebisha zilizoharibika. Fuata na chkdsk /f upande wa diski. Itakuomba ruhusa ya kukagua ukiristati, andika Y. Kama bado kuna vituko baada ya hapo, format sasa ina maana, ju angalau unaandika Windows kwa mashini yenye meza nzima.

Fungua pia vile vitu vyote ulivyosevu katika zile siku mbovu. Fungua kabisa, sogeza hadi mwisho, cheza hiyo video mpaka mwisho. Ikiwa kuna nakala ya zamani kwa Google Drive ama kwa simu, usiifute hadi uhakikishe.

Kama RAM zote zimepita usiku mzima bila kosa na bado inazima, achana na RAM. Cheki feni, cheki waya wa diski kama uliguswa, jaribu chaja nyingine, apdeti draiva ya grafiki.

Kurudisha dukani bila kelele

Enda na ushahidi, sio hasira. Picha ya skrini ya MemTest86 ikiwa na makosa mekundu, picha ya stika ya RAM, risiti, na laptopu yenyewe. Muuzaji mwenye anasikia "inazima zima tu" atakuambia ni virusi. Muuzaji mwenye anaona picha ya makosa na RAM moja kwa sloti mbili tofauti hana pa kujificha.

Ile stika ndogo ya waranti duka huweka kwa RAM usiitoe hata ukisafisha pini. Bila hiyo watasema si yao. Na hakikisha risiti imeandika aina kamili, sio "RAM 4GB" tu. Ukiandikiwa PC3L-12800S na ukapewa PC3, hata mtihani hauhitajiki.

Ukionyeshwa yale maandishi ya bidhaa ikiuzwa hairudi, jua Katiba ya Kenya, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na iko sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 inayofuata hapo. Karatasi ya duka haifuti hiyo. Malalamiko ya watumiaji hupelekwa kwa Competition Authority of Kenya, ingawa kwa RAM moja wengi humalizana pale pale kaunta wakibonga vizuri.

Siku hizi kuna sababu zaidi ya kung'ang'ana: tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima ju viwanda vimegeukia kutengenezea vituo vya data vya AI, na za mitumba zimekuwa moto pia. Kwa hivyo ukiwa unanunua, omba ijaribiwe pale pale. Mwambie fundi aiweke peke yake, endesha mdsched kabla hujalipa, keti kwa kile kistuli ungoje. Akikataa, duka linalofuata liko hatua kumi. Na akikubali kukubadilishia ile mbovu, hiyo mpya nayo inalala na MemTest86 usiku huo huo, kabla hujafungua hata faili moja.